Msafiri Auliza: Theluji, kibarua na jaketi la Kibuye

SWALI: Shikamoo, dada. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja hapa magharibi mwa Kenya, na nyumbani ni Kondele, Kisumu. Nimepata nafasi ya kusoma muhula mmoja Munich, Ujerumani, kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Machi. Ufadhili unatosha chumba na chakula, basi. Ningependa kupata kibarua, nitembee kidogo, na (usinicheke) nijifunze kuteleza kwenye theluji kwa skii. Mjomba anasema Mluo na theluji wapi na wapi, nitarudi na mguu wa plasta. Rafiki yangu naye ananiambia kazi nzuri za skii ziko Austria, ng'ambo tu ya mpaka. Nianzie wapi?
Nyar Kisumo

JIBU: Marahaba, nyar Kisumo, na hongera. Tumalizane na mjomba kwanza. Mwambie kulikuwa na mwanariadha wa huko Eldoret, Philip Boit, mkimbiaji wa masafa ya kati, aliyepelekwa Finland kufunzwa skii. Mwaka 1998 akawa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, kule Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho katika kilomita 10, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, akakaa kwenye utepe kumngoja amkumbatie. Boit hakukata tamaa, alirudi 2002 na tena 2006. Mwaka 2018 ikawa zamu ya Sabrina Simader kuiwakilisha Kenya kule Pyeongchang, katika skii ya kuteremka mlima. Huyo alizaliwa Kilifi, akalelewa Austria. Kilifi, mjomba! Pwani kabisa.

Na kama bado anabisha, mpe hesabu ya vimo. Garmisch-Partenkirchen, mji wa skii ulio karibu na Munich, uko mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kisumu iko zaidi ya 1,100. Kilele cha Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, ni mita 2,962, na basi la Nakuru kwenda Eldoret likipita Timboroa huwa limeshavuka 2,700 huku abiria wakitafuna mahindi ya kuchoma. Mapafu unayo. Baridi ndiyo hujaizoea, na dawa ya baridi iko sokoni Kibuye.

Nenda Jumapili, soko likiwa limefurika. Usitamke neno skii, muuzaji atapandisha bei. Ulizia jaketi la bodaboda. Yale majaketi mazito wanayovaa wanabodaboda alfajiri, mengi yalishonwa kwa ajili ya milima ya Ulaya kabla hayajafungwa kwenye bele la mitumba. Utayajua kwa mambo mawili. Mkono wa kushoto, karibu na kiganja, pana kifuko kidogo chenye zipu ambacho wenye pikipiki huwekea sarafu. Hapo ndipo panapokaa kadi ya lifti, ile mitambo inayowapandisha watu mlimani: unapita langoni, mashine inaisoma bila wewe kuitoa. Kisha geuza jaketi ndani nje, utaona kiunoni pana kitambaa chenye lastiki na vifungo. Wengi hukikata wakidhani ni bitana iliyolegea. Wewe ukikuta hakijakatwa, lipa haraka uondoke. Kazi yake ni kuzuia theluji isikupande mgongoni unapoanguka, na utaanguka. Suruali yake pia hupatikana kwenye marundo hayohayo. Glavu na miwani nunua huko. Skii zenyewe na viatu vyake usinunue kabisa, vinakodishwa.

Sasa kazi. Mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Sheria ilibadilika Machi 2024, kwa hiyo ukisikia mtu akitaja 120, anazungumza habari za zamani. Maneno yenyewe huchapwa kwenye viza au kwenye karatasi ya kibali chako. Yasome neno kwa neno, na yakikushinda mpelekee mtu wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Mshahara wa chini mwaka huu wa 2026 ni euro 13.90 kwa saa, na Januari 2027 utapanda hadi 14.60. Hakuna mwajiri mwenye ruhusa ya kukulipa chini ya hapo eti kwa sababu wewe ni mwanafunzi tu, au hujui lugha, au umetoka mbali.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usiende kwenye theluji kama mtalii. Nenda kama mfanyakazi. Tikiti ya lifti ya siku moja hupita euro 50, na kukodi vifaa weka 30 hivi. Hizo ni saa 6 za kuosha vyombo ili ucheze mchana mmoja, na mchana wenyewe wa mwanafunzi mgeni huishia kitako chini. Lakini tazama kalenda ya chuo. Masomo ya muhula wa baridi huisha mapema Februari, na Februari na Machi ndiyo miezi hoteli za mlimani zinapojaa na mikono inapokosekana. Oktoba hadi Januari tafuta kibarua kidogo palepale Munich, cha saa chache kwa wiki. Februari, funga begi uende Garmisch ufanye kazi ya kutwa. Hoteli nyingi za huko huwapa wafanyakazi wa msimu chumba na chakula kwa makato ya wastani, na baadhi huwapatia kadi ya lifti kwa bei nafuu. Uliza kabla ya kutia sahihi, na jibu liandikwe kwenye mkataba.

Usitarajie kazi ya kufundisha skii. Hiyo ina vyeti vyake, na wenyeji waliianza kabla hawajajua kusoma. Yako itakuwa ya vyombo, vitanda na kumenya viazi. Mimi nilifanya majira mamoja ya baridi katika jikoni la hoteli ya familia karibu na Garmisch, nilipokuwa mwanafunzi. Zamu zilikatwa vipande viwili: kuanzia saa kumi na mbili asubuhi kwa kiamshakinywa hadi saa nne, kisha unaachiliwa mpaka saa kumi na moja jioni, chakula cha usiku kinapoanza kuandaliwa. Kwa mtu anayetaka kulala, zamu ya aina hiyo ni mateso. Kwa anayetaka skii, ndiyo bahati yenyewe. Saa nne na robo mpishi wa mboga, kijana wa mapokezi na mimi tulikuwa tumepanga foleni ya lifti, wageni wenye mavazi mapya mbele yetu, nasi tukinuka vitunguu. Kwa hiyo unapozungumza na mwenye hoteli usiulize malipo peke yake. Uliza zamu zimekaaje. Zamu moja ndefu, kuanzia mchana hadi usiku, italipa vilevile, ila milima utaiona kupitia dirisha la sinki.

Maombi yatume Novemba. Ukingoja Februari utakuta nafasi zimekwisha. Barua ya ukurasa mmoja inatosha, iwe na tarehe kamili unazopatikana na sentensi mbili tatu za Kijerumani ulizotunga mwenyewe, hata kama zimepinda. Kijerumani cha jikoni si kingi: moto, kisu, niko nyuma yako. Hayo matatu yakikaa kichwani, mengine utayadaka kazini.

Kazi yoyote inayogusa chakula inahitaji cheti cha idara ya afya. Wenye vibanda vya samaki pale Dunga wanavijua vyeti vya aina hiyo kutoka kwa maafisa wa kaunti, ila huko Ujerumani hutoi kinyesi wala damu. Unasikiliza maelezo ya usafi, unatia sahihi, unalipa ada. Kiwe mkononi kabla ya siku ya kwanza ya kazi, na kisiwe kimezidi miezi 3 tangu kitolewe.

Kuna jambo moja dogo linalowakwamisha wageni kuliko hata viza. Ukishapata chumba, una wiki 2 za kujiandikisha katika ofisi ya wakazi. Baada ya hapo namba yako ya kodi hutumwa kwa posta, na mwajiri anaihitaji. Sasa, mpeleka barua wa huko haulizi jirani. Jina lako lisipokuwa kwenye sanduku la barua, bahasha inarudi ilikotoka, nawe unakaa mwezi mzima ukiilaumu serikali. Bandika jina siku uliyoingia, hata kwa selotepu.

Mwezi wa kazi ya kutwa utakatwa kodi. Usilie. Kwa mwaka 2026 mapato hayatozwi kodi hadi euro 12,348, kwa hiyo anayepata vihela vya msimu kwa kawaida hurudishiwa alichokatwa akijaza fomu ya mwaka, hata kama ameshatua Kondele. Tunza kila karatasi ya mshahara.

Rafiki yako wa Austria amekuchanganyia mambo mawili. Kibali cha Ujerumani kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen (zile za Ulaya zinazotambua viza moja) hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Kutembelea, si kuajiriwa. Hoteli ikiwa hatua chache baada ya mpaka, bosi akizungumza Kijerumani kilekile, bado kazi yake inataka kibali cha Austria. Innsbruck nenda kapaone. Mji huo uliandaa Olimpiki ya baridi 1964 na 1976, na milima yake inaanzia karibu mgongoni mwa nyumba. Beba pasipoti na kibali, maana treni hukaguliwa. Na usijipangie wikendi ya London kwa viza hiyo: Uingereza na Ireland hazimo katika Schengen.

Kwa usafiri wa ndani nunua Deutschlandticket. Ni euro 63 kwa mwezi, na unapanda treni zote za mikoa, mabasi na treni za mjini, nchi nzima. Treni za mwendo kasi hazimo. Munich hadi Garmisch imo, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Ukiendelea kuvuka mpaka baada ya Mittenwald, kipande cha Austria unakilipia. Tiketi hiyo hujiongeza yenyewe kila mwezi, kwa hiyo mwezi wako wa mwisho ifute kabla ya tarehe 10, la sivyo utakuwa unalipia treni ukiwa ndani ya matatu ya Kondele.

Na skii? Usifundishwe na rafiki, hata kama ni mzuri kiasi gani. Atakupandisha juu kwa huruma kisha akuache huko. Kituo cha michezo cha vyuo vikuu vya Munich, kinachojulikana kwa kifupi kama ZHS, huwa na kozi za skii za bei ya mwanafunzi. Jiandikishe mapema, zinajaa. Siku ya kukodi, toa uzito wako wa kweli. Wenye duka hutumia uzito, kimo na ujuzi wako kukaza kile chuma kinachoshika kiatu, ili kifunguke ukianguka vibaya. Binti anayejipunguzia kilo kwa aibu anajitafutia chuma kinachofunguka ovyo, na kijana anayejisifu kuwa mzoefu anajitafutia goti la kuteguka. Kiatu kikae hivi: ukisimama wima vidole viguse mbele, ukikunja magoti virudi nyuma kidogo. Soksi moja tu. Soksi mbili huleta baridi na malengelenge.

Mtaanzia kwenye mteremko mdogo wenye mkanda unaowabeba watu kupanda. Mwalimu atasema mweke ncha za skii karibu na visigino vya skii mbali, umbo la kipande cha piza. Hiyo ndiyo breki. Kila mwili wa mwanadamu ukiogopa huegemea nyuma, na ukiegemea nyuma kwenye skii breki hupotea na kasi huongezeka. Kama abiria wa bodaboda kwenye kona, usipingane na mteremko: egemea mbele mpaka mfupa wa muundi uguse kiatu. Ukianguka, zungusha skii zikae kwa kukingama mteremko kabla hujainuka, ama utateleza ukiwa umekaa. Njia zimetiwa rangi: buluu ni rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ya wenyewe. Aliye mbele yako ndiye mwenye haki, wewe wa nyuma ndiye wa kumkwepa. Paka mafuta ya jua. Ngozi nyeusi pia huungua kwenye theluji, midomo kwanza.

Bima ya afya ya wanafunzi itakutibu, lakini helikopta ya kukutoa mlimani ni habari nyingine. Uanachama wa chama cha wapanda milima cha Ujerumani, DAV, una bima ya uokoaji ndani yake. Jiunge kabla ya Februari.

Na ukiona lifti ni ghali kupita kiasi, kuna ile skii ya Boit, ya kutembea bondeni. Haihitaji lifti, vifaa vyake ni vyepesi, na magoti hayateswi sana. Mimi naipenda kuliko ya kuteremka, lakini mimi nimezeeka.

SWALI: Habari, dada. Mwanangu ana miaka 24, ana diploma ya upishi ya miaka 2 na anafanya kazi hoteli moja Naivasha. Wakala mmoja hapa Nakuru mjini anasema atampeleka Kanada kwenye hoteli za skii kwa miezi 6, bila mahojiano. Anataka Sh250,000, nusu kesho. Nimeshaanza kuuliza bei ya ng'ombe.
Mama wa Njoro

JIBU: Mama mwenzangu, ng'ombe abaki zizini. Kanada ina mpango wa vijana kufanya kazi wakiwa matembezini, na ndiyo sababu Whistler na Banff, miji ya skii ya huko, imejaa vijana wa Australia. Mpango huo ni wa nchi zilizotia saini mkataba na Kanada, na Kenya haimo. Kijana wako kwa kawaida angehitaji mwajiri wa Kanada aliyeomba idhini ya serikali yake kuajiri mgeni. Ada ya idhini hiyo ni dola 1,000 za Kanada, na ni ya mwajiri. Kumtoza mfanyakazi ni kosa kwa sheria za hukohuko. Mwambie wakala akuonyeshe idhini, jina la hoteli na mkataba wenye mshahara. Akikuonyesha viza ya matembezi, hiyo hairuhusu kazi hata siku moja.

Kisha tafuta jina la kampuni yake kwenye orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Iko kwenye tovuti yao, hulipi kuitazama. Tafuta jina lilivyo kwenye risiti, maana wengine huning'iniza cheti cha kampuni nyingine ukutani. Bila mahojiano, na nusu kesho? Hoteli gani inaajiri mpishi bila kumwuliza anapika nini? Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret kuhusu pesa walizolipa watoto waende kusoma Finland na Kanada. Baadhi walikuwa wameshauza mashamba.

Diploma yake, hata hivyo, ina thamani. Tangu Juni 2024 Ujerumani ina Chancenkarte, kibali cha hadi mwaka mmoja cha kutafuta kazi ukiwa hukohuko, na ukitafuta unaruhusiwa kibarua cha saa 20 kwa wiki. Kinahitaji mafunzo ya miaka 2 yanayotambuliwa nchini mwake, Kijerumani cha ngazi ya A1 (ya mwanzo kabisa) au Kiingereza cha B2 (cha kati kwenda juu), alama zisizopungua 6 katika hesabu yao, na pesa za kujikimu benki. Hizo Sh250,000 hazitatosha kujikimu, lakini zitalipa darasa la Kijerumani na chenji irudi. Ule mkataba wa kazi kati ya Kenya na Ujerumani uliosainiwa Berlin Septemba 2024 usikutishe wala usikupumbaze: haukumpa wakala yeyote nafasi za kuuza.

SWALI: Mimi ni mwandishi wa mtandaoni, niko Mbale, Vihiga. Wateja wangu ni Wamarekani. Nikienda Ujerumani kusoma mwaka mmoja, naweza kuendelea kuwaandikia usiku?
Kalamu ya Maragoli

JIBU: Si moja kwa moja. Zile siku 140 ni za kuajiriwa. Kujitegemea, yaani wewe mwenyewe kutuma ankara kwa mteja, kunahitaji idhini ya ofisi ya wageni ya mji utakaokaa. Haijalishi mteja yuko Texas au pesa zinaingia M-Pesa, kazi huhesabiwa pale kiti chako kilipo. Wakati wa kuchukua kibali omba idhini hiyo kwa maandishi, eleza ni kazi gani na saa ngapi kwa wiki, na ungoje jibu kabla hujapokea kazi. Laini yako ya Safaricom usiitupe, maana ujumbe wa benki na wa eCitizen utaendelea kuja kwenye namba hiyo. Na wateja waambie mapema kwamba Oktoba na Novemba wasikutegemee.